Mizani, leja na simu visomane: mkulima wa kahawa Kagera asicheleweshewe fedha yake

Kila mwaka kuanzia mwezi Mei, pilikapilika za kahawa hurejea katika vijiji vya Bukoba na Muleba. Robusta iliyochumwa na kuanikwa juani hadi ikauke na maganda yake hujazwa kwenye magunia, hupakiwa juu ya baiskeli au pikipiki, na kufikishwa kwenye ghala la chama cha msingi. Pale hukaguliwa unyevu, hupimwa uzito, na mkulima hupewa stakabadhi. Kwa mkulima kazi ya mwaka mzima imekwisha. Kwa chama, kazi ya makaratasi ndiyo kwanza inaanza.

Karani huandika kilo kwenye stakabadhi, kisha huzinakili kwenye leja ya wanachama. Baadaye mhasibu huziingiza kwenye kompyuta ya chama, pale ilipo. Kahawa ikishauzwa, orodha nyingine huandaliwa kwa ajili ya chama kikuu, na orodha ya nne kwa ajili ya benki au kampuni ya simu itakayopeleka fedha kwa wakulima. Ni kilo zilezile na ni mkulima yuleyule, lakini habari zake zimeandikwa upya kila zilipopita mkononi mwa mtu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tatizo la vyama vingi vya ushirika leo si kukosa daftari. Madaftari ni mengi mno, na hakuna moja linalojua kilichoandikwa katika jingine.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Chukua mfano wa chama cha msingi chenye wanachama 400, na kila mwanachama analeta kahawa mara nne katika msimu. Hizo ni stakabadhi 1,600. Zikinakiliwa mara nne ni mara 6,400 ambazo mkono wa binadamu unaandika jina, namba na kilo. Hata karani makini anayekosea mara moja tu katika kila maandishi 200, atakuwa ameacha makosa 32 kufikia mwisho wa msimu. Kila kosa ni mkulima aliyepunjwa, aliyezidishiwa, au ambaye fedha yake imekwenda kwa mtu mwingine. Kulisaka kosa moja kunaweza kuzuia malipo ya orodha nzima.

BUTURA HULA MUDA

Kuchelewa huku si suala la ofisi peke yake. Kagera inalijua vizuri neno butura. Ni biashara ya mkulima kuuza kahawa yake ikiwa bado mtini, pengine ikiwa maua tu, kwa bei ya kutupa, ili apate fedha ya matibabu, sare za shule au msiba. Serikali ya mkoa imepiga marufuku biashara hiyo mara nyingi, na viongozi wamehutubia mikutano mingi ya hadhara kuikemea. Hata hivyo, butura haiishi kwa hotuba. Huishi pale mwenye shida anapojua kuwa kahawa aliyoipeleka ghalani itageuka fedha baada ya siku chache zinazojulikana.

Upande wa pili uko mpaka wa Uganda. Nchi hiyo ililegeza biashara yake ya kahawa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wanunuzi wake binafsi hulipa taslimu. Bei ya robusta katika soko la London ilipovuka dola 5,000 za Marekani kwa tani mwaka 2024, kila mwenye gunia alijua thamani yake. Katika hali hiyo, mkulima anayeambiwa asubiri uhakiki wa majina hupata kishawishi kikubwa cha kupitisha mzigo wake njia za panya usiku.

Mfano mchungu ulitokea upande mwingine wa nchi. Novemba 2018, Serikali iliamua kununua korosho ya mikoa ya kusini kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini malipo yalitanguliwa na kazi ya kuhakiki nani ni mkulima halisi na nani ni mnunuzi wa kangomba, ambayo ndiyo butura ya kusini. Kwa wakulima wengi fedha zilichelewa kwa miezi. Funzo lake ni kwamba uhakiki unaofanywa baada ya mazao kukusanywa umeshachelewa. Mahali pake ni kwenye mizani, siku mkulima anapoleta gunia.

JINSI MIFUMO INAVYOSOMANA

Katika miaka ya karibuni, maneno "mifumo isomane" yamezoeleka katika hotuba za viongozi wa Serikali. Maana yake ni rahisi. Programu mbili za kompyuta, kila moja na kazi yake, zinawekewa mlango wa kupitishia habari, ili kile kilichoandikwa katika moja kifike katika nyingine bila mtu kukinakili. Hakuna haja ya kuzivunja zote na kununua moja kubwa.

Kwa chama cha kahawa, mnyororo huo una hatua zinazojulikana. Ya kwanza ni mizani. Mizani ya kielektroniki iliyounganishwa na simu au kompyuta ndogo husoma uzito yenyewe, karani akaingiza namba ya mwanachama, na stakabadhi ikachapwa hapohapo. Papo hapo kilo hizo huingia kwenye leja ya mkulima na kwenye hesabu ya ghala. Hatua ya pili ni bei. Kahawa ikiuzwa mnadani, bei huingizwa mara moja, na programu hukokotoa stahili ya kila mmoja pamoja na makato yaliyopitishwa na mkutano mkuu wa wanachama. Hatua ya tatu ni orodha ya malipo, inayokwenda benki au kampuni ya simu ikiwa imetoka kwenye leja yenyewe.

Hatua ya nne husahaulika mara nyingi, nayo ni majibu kurudi. Benki au kampuni ya simu inapaswa kuieleza leja kwamba fulani amelipwa, na fulani fedha yake imegoma. Majibu hayo yasiporudi yenyewe, mhasibu hukaa na karatasi mbili, akitafuta kwa kidole nani amepata na nani bado. Hatua ya mwisho ni ujumbe mfupi kwa mkulima unaotaja kilo, bei, makato na kiasi kilichobaki. Hata asiye na simu janja anaupokea.

Vifaa vya kufanya haya si ndoto. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na kati ya 2014 na 2016 kampuni kubwa za simu zilikubali wateja wao watumiane fedha kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Baadaye Benki Kuu ya Tanzania ilijenga mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na kampuni za simu. Serikali nayo ilianza mwaka 2017 kukusanya malipo yake kwa namba ya kumbukumbu, ambayo kila mlipaji sasa anaifahamu. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wa usimamizi wa vyama, MUVU. Nchini Kenya, KTDA, inayohudumia zaidi ya nusu milioni ya wakulima wadogo wa chai, imepeleka mizani za kielektroniki zinazochapa risiti kwenye vituo vya kupokelea majani.

Kwa hiyo vipande vipo. Pengo liko katikati ya vipande.

JINA MOJA, MAANDISHI MATATU

Hata hivyo, kuunganisha mifumo yenye habari chafu ni kusambaza uchafu. Mtu aitwaye Mutalemwa anaweza kuwa "Mtalemwa" katika daftari la chama, "Mutalemwa" katika kitambulisho cha Taifa, na jina la ubatizo peke yake katika orodha ya kilimo hai. Kwa binadamu wa Nshamba huyo ni jirani mmoja. Kwa kompyuta ni watu watatu.

Kuna pia suala la laini za simu. Usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia ukomo wake Januari 2020, ulikuta wazee wengi vijijini hawana kitambulisho cha Taifa wala namba yake. Baadhi walitumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mtoto au mjukuu, na mpaka leo wapo wanaozitumia. Mama mjane wa Kamachumu anayelima kibanja alichoachiwa anaweza kuwa mwanachama kwa jina lake, huku fedha ikienda kwenye laini ya kijana anayeishi Mwanza. Mfumo ukiunganishwa bila kuliona jambo hili, utamlipa kijana kwa haraka ya ajabu.

Dawa yake haihitaji kompyuta. Ni kukaa chini kabla ya msimu, kijiji kwa kijiji, na kulinganisha daftari la wanachama na vitambulisho na laini za simu, mkulima akiwa mbele ya meza. Kila mwanachama apewe namba moja isiyobadilika, na namba hiyo ndiyo itumike kwenye mizani, leja na malipo. Kazi hiyo inachosha na haina picha ya kupeleka magazetini, lakini bila hiyo programu yoyote itaanguka.

Faida yake inavuka malipo. Mkulima mmoja wa Muleba leo anaweza kuwa katika daftari la chama, katika orodha ya mbolea ya ruzuku iliyoanza mwaka 2022, na katika orodha ya wakaguzi wa kilimo hai au biashara ya haki. Sasa inakuja orodha nyingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu mazao yasiyotokana na ukataji wa misitu inaitaja kahawa kwa jina, na inamtaka mwagizaji aonyeshe ilikotoka hadi kwenye shamba. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini sheria haijafutwa. KCU (1990), chama kikuu chenye makao yake Bukoba, ni miongoni mwa vyama vya Afrika vilivyoingia mapema kwenye soko la biashara ya haki huko Ulaya. Soko hilo halitauliza tu kama kahawa ni nzuri. Litauliza gunia limetoka kibanja kipi. Chama ambacho stakabadhi yake imefungwa na namba ya mkulima, na namba ya mkulima imefungwa na ramani ya shamba, kitajibu kwa siku moja. Kingine kitatuma vijana wenye madaftari mapya kuzunguka vijiji kwa mara ya tano.

KOSA NALO HUKIMBIA

Wapo watakaosema kompyuta italeta wizi wa kisasa. Hofu hiyo haipaswi kubezwa, kwa sababu ina msingi. Kazi inayokwenda yenyewe hukimbiza ukweli, na kwa mwendo uleule hukimbiza kosa. Karani akiandika kilo 540 badala ya 54, zamani mhasibu angeshtuka wakati wa kunakili. Mfumo usiowekewa kizuizi hautashtuka.

Kwa hiyo vizuizi viwekwe tangu mwanzo. Mzigo unaozidi kiasi ambacho shamba la mwanachama linaweza kutoa usimame hadi utazamwe na mtu. Anayeingiza kilo asiwe ndiye anayeidhinisha malipo, na malipo yaidhinishwe na watu wawili, kama hundi ilivyohitaji sahihi mbili. Kosa likirekebishwa, maandishi ya awali yabaki yakionekana pamoja na jina la aliyerekebisha, ili mkaguzi wa COASCO akifika aione njia yote. Leja ya karatasi iliyokwanguliwa kwa wembe ilikuwa na alama. Ya kompyuta isiyotunza kumbukumbu haina.

Mtandao wa simu na umeme navyo vina tabia zake. Mvua za Bukoba huja na radi, na si kila ghala la Muleba lina mawasiliano ya uhakika. Programu ya mizani inapaswa kufanya kazi bila mtandao, itunze stakabadhi na kuzipeleka mawasiliano yakirudi. Hapo ndipo hatari ya kulipa mara mbili hujificha. Simu hutuma stakabadhi, jibu halirudi, karani anatuma tena. Kila stakabadhi ikiwa na namba yake ya pekee, na mfumo ukikataa namba uliyokwisha kuipokea, tatizo hilo huisha. Isipokuwa hivyo, chama kitalipa kahawa ambayo haimo ghalani.

Kizuizi kilicho bora kuliko vyote ni mkulima mwenyewe. Apate ujumbe wa kilo zake siku ileile, na apewe siku za kulalamika kabla fedha haijatumwa. Orodha ibandikwe pia kwenye mlango wa ghala, ikiwa na namba za wanachama na kilo zao. Mkulima wa Kihaya anakijua kibanja chake, na hahitaji mtaalamu wa kompyuta kumwambia alileta magunia mangapi.

NANI ALIPE, NANI AMILIKI

Chama cha msingi chenye ghala moja na karani mmoja hakiwezi kuajiri fundi wa programu. Ni busara kazi ya kuunganisha ifanywe na chama kikuu kwa niaba ya vyama vyake vyote, gharama ikigawanywa kwa kilo. Kinachopaswa kuepukwa ni kila mfadhili kuja na kompyuta zake ndogo na programu yake, mradi ukimalizika vifaa vikabaki kabatini na habari za wakulima zikaondoka na mtaalamu.

Mkataba wowote wa programu useme mambo matatu bila kuzungusha. La kwanza, habari ni mali ya chama na wanachama wake, na chama kinaweza kuzichukua zote siku yoyote kikitaka kuhama. La pili, programu iwe na mlango wa kuunganishwa na nyingine, ikiwamo mifumo ya benki na ya Serikali, bila ada mpya kila mara. La tatu, siri za wakulima zilindwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihusu taasisi za ushirika kama inavyozihusu benki. Orodha ya majina, simu na mapato ya wakulima ni bidhaa nono mikononi mwa wakopeshaji wa butura.

Historia ya ushirika Kagera inatosha kuonya. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini mwaka 1976 na kazi zao kupewa mamlaka za mazao. Viliporudi miaka ya 1980, wakulima wengi walirudi navyo wakiwa na maswali kuhusu makato na malipo ya pili. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, baadhi yao walijibu maswali hayo kwa kuuza kwingine. Imani iliyopotea kwa sababu ya hesabu isiyoeleweka haiwezi kurudishwa kwa amri ya kuuza kupitia chama. Itarudi kwa hesabu ambayo mkulima anaiona na kuielewa.

Ni vyema basi chama kikuu, Tume ya Maendeleo ya Ushirika, halmashauri za Bukoba na Muleba pamoja na benki zinazohudumia vyama vikae meza moja kabla msimu haujafunguliwa. Wachague vyama vya msingi vichache, kimoja cha karibu na mji na kingine cha mbali ambako mtandao husumbua. Wasafishe daftari la wanachama, waunganishe mizani na leja, na msimu huo malipo yatoke kwenye leja hiyo peke yake. Daftari la karatasi liendelee kuandikwa sambamba kwa msimu mmoja, ili likitokea jambo pawe na pa kulinganisha.

Mwisho wa msimu kipimo kiwe kimoja: ni siku ngapi zimepita tangu gunia kupanda mizani hadi fedha kuingia mkononi mwa mkulima, na ni wangapi fedha zao ziligoma. Takwimu hizo zisomwe kwenye mkutano mkuu, chama kwa chama, mbele ya wenye kahawa. Zikionyesha kuwa siku zimepungua, vyama vingine vitaomba vyenyewe kuunganishwa. Zikionyesha zimebaki zilezile, wanachama watakuwa na haki ya kuuliza mizani mpya imenunuliwa kwa faida ya nani.